Siku Fintan Alipomuuza Baba Yake

Malachy Gaughan aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, majirani walipanga matrekta kandokando ya njia, kuanzia barabara kuu hadi mlangoni kwake, wakawasha taa zote mchana kweupe na kupiga honi mpaka mbwa wakajificha uvunguni. Hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea, maana korona ilikuwa bado haijaaga, lakini trekta halihitaji barakoa. Malachy alikaa kiti cha mbele cha gari, amekonda, suruali kaifunga kwa kamba kwa sababu mkanda uliishiwa matundu, akawapungia mkono kama askofu. Huku kwetu Erris hatuna desturi ya kumwambia mtu kwamba tunampenda. Yakituzidi sana, tunapiga honi.

Nyuma ya gari alikaa mkewe, Dympna, amepakata mfuko wa dawa, anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Kwenye usukani alikuwa mwanawe wa pekee, Fintan. Na njia nzima kutoka mjini, mwendo wa saa nzima na zaidi, Malachy hakumtazama kijana huyo hata mara moja. Alitazama kondoo, alitazama mvua, alitazama nguzo za umeme. Sababu aliijua mwenyewe, na ilikuwa sababu ya kijinga iliyomtia haya hata kuifikiria: Fintan alikuwa amemuuza.

Malachy alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye shamba dogo na ng'ombe wachache wa kuzalisha ndama. Zaidi ya hapo, kila Alhamisi alifanya kazi mnadani, kazi ya kuswaga ng'ombe. Yeye ndiye aliyewatoa mazizini na kuwaingiza ulingoni mmoja mmoja, mbele ya wanunuzi waliojiegemeza kwenye vyuma. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na ng'ombe walimtii kuliko watu wa nyumbani kwake. Alikuwa na afya ya kufanya mafua yaombe ruhusa kabla ya kumgusa. Korona haikuomba. Ilimshika baada ya Krismasi, ikamkaba kifua, na kabla majirani hawajamaliza kuulizana kulikoni, alikuwa kalazwa chumba cha mahututi, amelala usingizi wa dawa, mashine inampumulia.

Watu hudhani mtu aliyelazwa kwa dawa haoni kitu. Malachy aliona. Alijiona yuko mnadani, na safari hii hakuwa yeye mwenye fimbo. Alikuwa ulingoni, kwa miguu minne, karatasi ya namba imebandikwa kiunoni na hereni za plastiki zinamning'inia masikioni. Sakafu ilinuka dawa ya kuua wadudu. Sauti ya dalali ilikwenda bila kupumua, mfululizo, usiku na mchana. Alimjua kila mtu aliyekuwa kwenye vyuma, na kila mmoja alimtazama mbavu. Juu kibandani, kando ya dalali, mahali anaposimama mwenye mnyama, alisimama Fintan. Dalali akamgeukia, kama kawaida, kumuuliza kama auze au asiuze. Fintan akainamisha kichwa kukubali. Mara moja tu. Nyundo ikalia.

Sasa, kuna desturi kwetu ambayo hata mwizi wa ng'ombe anaiheshimu. Ukishauza mnyama na kushikana mkono na mnunuzi, unamrudishia kitu kidogo mkononi, noti moja au mbili, ndiyo pesa ya bahati. Ni kusema kwamba mnyama huyu nimempa kwa moyo mweupe, akakuzalie, asikufie njiani. Anayeuza bila pesa ya bahati hajauza, ametupa. Malachy, pale ulingoni, alimngojea mwanawe atie mkono mfukoni. Fintan aliinua kola ya koti, akageuka, akaondoka bila kuangalia nyuma. Kisha mlango wa gari la mnunuzi ukafunguliwa, na ndani mlikuwa na giza.

Alipozinduliwa, wiki nyingi zikiwa zimepita, alijua kabisa kwamba ile ilikuwa ndoto. Hakuwa mpumbavu. Lakini kujua ni kazi ya kichwa, na ndoto ile haikukaa kichwani, ilikaa tumboni. Kila Fintan alipoingia chumbani, tumbo la Malachy lilijikunja na sauti ndani yake ikasema: huyo ndiye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na laiti kijana angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi. Fintan alikuwa fundi wa lifti huko Galway, na siku baba yake alipochukuliwa na gari la wagonjwa, aliomba ruhusa kazini akarudi nyumbani. Msimu mzima wa kuzaa ng'ombe aliubeba peke yake, akivuta ndama usiku wa baridi na asubuhi akipeleka majani malishoni. Alifunga vyuma vya kushikia bafuni ili baba asianguke. Alijifunza kupika uji wa shayiri ili mama asichoke. Na shukrani aliyoipata ni hii:

"Lango la malisho ya juu hukulifunga."

"Nimelifunga, Baba."

"Basi ng'ombe wamejifunza kufungua makomeo. Tuwapeleke shule."

Fintan alivaa buti zake akatoka tena mvuani kwenda kulitazama lango ambalo lilikuwa limefungwa. Malachy alimwangalia dirishani akivuka uwanja, mabega yameinama, na haya ikamwingia. Kisha akajifungia chooni, akafungulia maji ya bomba yamwagike kwa kelele, akalia. Mtu mzima, babu wa watu kama angejaliwa, analia chooni kwa sababu ya ndoto.

Watu wa nje walijua tu kwamba Malachy amepona. Walimuulizia kwenye lango, walimwachia mikate na mapai kwenye ukuta, na kila mmoja alipoita, "Malachy, hali?" yeye alijibu, "Sawa tu." Hilo ndilo jibu la Erris. Mtu akiwa amebanwa mguu chini ya trekta, ukimuuliza hali, atakwambia sawa tu, kisha atakuuliza habari za mama yako.

Ndani ya nyumba walimzunguka kama yai. Mama yake, Attracta, aliyekaribia miaka tisini na aliyelala chumba cha chini karibu na jiko, alimnyunyizia mto maji ya baraka kila jioni mpaka mto ukalowa.

"Mama, mapafu yamepona juzi tu. Unataka kuniua kwa nimonia?"

"Nyamaza. Maji hayo ndiyo yaliyokutoa kaburini."

"Si madaktari?"

"Na madaktari nao niliwaombea. Lala."

Dympna yeye alilala akiwa ameweka kiganja kifuani mwa mumewe, kuhakikisha kifua kinapanda na kushuka. Malachy alikihisi kiganja hicho na akajifanya amelala. Hakutaka kumwambia kwamba kila jiko lilipolia kuashiria keki imeiva, yeye alijikuta amesimama, jasho linamtoka, anatafuta mlango. Alidhani akisema tu, watamrudisha, si kule kwenye mashine bali mahali pengine, pale wanapopelekwa watu waliochanganyikiwa. Akaona heri anyamaze.

Kuna muuguzi wa kliniki aliyekuwa akiwapigia simu waliotoka mahututi. Alipopiga, Dympna aliiweka simu mezani, sauti ikasikika jikoni kote.

"Bwana Gaughan, unalala vizuri?"

"Kama mtoto mchanga."

"Hakuna ndoto zinazokusumbua? Wengi waliokuwa kwenye mashine wanatoka na mambo waliyoyaona huko, na wengine wanaendelea kuyaamini kwa muda mrefu. Si wazimu huo, ni dawa na homa na kukosa hewa. Ukituambia, tunajua namna ya kukusaidia."

Malachy alikaza macho kwenye kitambaa cha meza. Ungedhani mwanamke yule alikuwa naye ulingoni.

"Sawa tu, mwanangu," akasema. "Wewe je, mnaendeleaje huko? Mvua inanyesha?"

Simu ilipokatwa, Dympna alimgeukia mikono kiunoni.

"Kama mtoto mchanga! Mtoto gani anayepiga mateke usiku kucha? Nikuonyeshe miguu yangu ilivyo bluu?"

"Nitanunua soksi nene."

"Mficha maradhi, Malachy, kifo humuumbua."

"Kifo? Kilikuja, kikanikosa."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo Dympna alivuta kiti, akakaa mbele yake, akashusha sauti ili mama mkwe asisikie.

"Fintan anarudi Galway Jumamosi."

"Si ndiko iliko kazi yake."

"Kazi yake imempa ruhusa mpaka mwisho wa kiangazi. Anaondoka kwa sababu yako. Hajasema, lakini mimi ndiye niliyemzaa. Anakula huku amesimama, umeona? Anakula kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Malachy, nimejaliwa mtoto mmoja tu. Mungu amenirudishia mume, nikasema asante, sasa sitaki kupata mume nikakosa mwana. Amekukosea nini?"

Malachy angesema nini? Kwamba kijana amemuuza mnadani kwa miguu minne? Aliijua vizuri hatari iliyokuwa mbele yake. Akina Gaughan ni watu wa kuondoka. Baba yake mdogo aligombana na nduguye kwa ajili ya jembe, akaenda Uingereza kwa wiki mbili zipoe hasira, akarudi miaka arobaini baadaye ndani ya sanduku. Fintan akiondoka Jumamosi hiyo na uso aliokuwa nao, hatarudi ila kwa mazishi, na mazishi yenyewe yatakuwa ya Malachy.

"Hajanikosea kitu," akasema.

"Basi mwambie yeye, usiniambie mimi."

Hakumwambia. Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, walikaa wote wanne mezani: viazi, kabichi, na nyama ya nguruwe ya chumvi, na Attracta akichambua mafuta na kuyapanga ukingoni mwa sahani. Fintan alikaa safari hii. Yaonekana alikuwa ameamua kujaribu mara ya mwisho kabla ya kufunga mizigo. Alimega kiazi, akakiacha, akasema bila kuinua macho:

"Baba, kesho kuna mnada. Wamefungua tena. Yule mtamba mwekundu amefikia kuuzwa, na nilikuwa nasema, kabla sijaondoka, twende wote. Hutoki nje kabisa, na watu wanakuulizia. Wewe kaa tu garini kama hutaki kushuka. Mimi nitasimama kule juu na dalali."

Malachy aliona kila kitu upya: kibanda, koti, kola, kichwa kinachoinama. Uma ulimtoka mkononi ukalia kwenye sahani.

"Hutaniuza mara ya pili!"

Alilisema kwa ile sauti yake ya ulingoni, ambayo hakuna aliyeisikia tangu kabla ya Krismasi, na iliyomsimamisha fahali. Mbwa alitoka nje. Dympna alibaki ameshika bakuli la viazi hewani.

"Nani kauzwa?" akauliza Attracta.

"Hakuna, Mama. Kula," akasema Malachy.

"Nimesikia kauzwa. Masikio yangu ni mabovu kwa mambo yasiyonihusu tu. Nani kauzwa?"

"Baba," Fintan akasema polepole, "umesemaje?"

Malachy alitaka kusema sawa tu. Maneno hayo yalikuwa mdomoni, yamezoea njia. Lakini Dympna aliweka bakuli chini, akaenda akafunga mlango, akaegemea mlango huo kwa mgongo.

"Leo hutoki hapa," akasema. "Hata nyumba iungue, tutaungua ukiwa unasema."

Akasema basi. Aliusemesha ule mchuzi wa kabichi, hakumwangalia mtu. Alieleza karatasi ya namba, na hereni, na dalali asiyepumua, na watu waliomtazama mbavu. Alieleza Fintan aliposimama na jinsi alivyoinamisha kichwa. Alisema anajua kuwa ni ndoto, anajua, msimwambie kuwa ni ndoto, lakini kila akimwona kijana tumbo linamkata, na hajui afanye nini, na anaogopa kuwa akili imembakia kule kule kwenye mashine.

Kisha Attracta, ambaye alikuwa amesikiliza kwa makini kama anayesikiliza matangazo ya vifo redioni, akauliza:

"Kwa bei gani?"

"Mama!" Dympna akamkemea.

"Nauliza tu. Na mapafu yale, mnunuzi alikuwa kipofu?"

Pua ya Dympna ikatoa mlio. Alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, lakini mabega yaliyotikisika kwa kicheko yalikwisha kumuumbua.

"Hata pesa ya bahati hakurudisha," akasema Malachy.

Alikusudia iwe mzaha, maana aliona mzaha umeanza. Lakini sauti ilimpasukia katikati, na hapo ndipo alipojua mwenyewe palipokuwa pakimuuma. "Kuuzwa ningeweza kukusamehe, mwanangu. Ng'ombe huuzwa. Lakini ulinitoa hivi hivi. Uligeuka ukaenda. Kama kitu kisicho na mwenyewe."

"Miezi yote hii!" Dympna akapiga kelele, anacheka huku machozi yanamtiririka. "Mimi ninakesha, ninasema mume wangu ameacha kutupenda, ninawasha mishumaa kanisani, kumbe bwana mkubwa amekasirikia pesa ya bahati!"

Basi Malachy naye akaanza kucheka. Kilimtoka kicheko cha tumboni, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko, na mama yake akampiga mgongoni akimwambia ateme au ameze, achague moja. Alijisikia mwepesi. Jambo ambalo chooni lilikuwa zito kuliko jiwe, hapa mezani, mbele ya watu, lilikuwa la kuchekesha tu.

Aliyekuwa hacheki ni Fintan. Alikuwa amesimama, ameegemea sinki, uso hauna damu.

"Ilikuwa kweli," akasema.

Hawakumwelewa. Dympna alifuta macho. "Nini ilikuwa kweli, mwanangu?"

"Niliinamisha kichwa."

Akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili.

"Siku waliyotaka kukulaza kwa dawa. Muuguzi alishika simu ili tukuone. Mama, wewe ulikuwa umetoka uani, hukuweza kutazama, ukanipa simu. Nikabaki mimi. Daktari akasema hewa haimtoshi, bila mashine hafiki asubuhi, lakini mwenyewe anakataa. Akasema kwa kukosa hewa akili haimo, hawezi kuamua vizuri, ndiyo maana anatuuliza nyumbani mnaonaje. Nikakutazama, Baba. Na wewe ulinitazama mimi, macho kwa macho. Ukatikisa kichwa. Hivi. Ulikuwa unaniambia nisikubali. Nikaona kabisa unaniomba nisikubali. Na nikainamisha kichwa kwa daktari, ndiyo, mlazeni. Uliniona. Nilijua umeniona."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Halafu nikakata simu," Fintan akasema. "Sikukuaga hata. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na sikutaka kitu cha mwisho utakachosikia kiwe mimi nalia. Nikakata. Nikaenda kulisha ng'ombe. Nimekaa wiki zote zile nikisema, akifa, amekufa nimemkatalia alichoomba, na sikumwambia kwaheri. Uliporudi ukawa hunitazami, nikasema, amekumbuka. Ana haki. Ndiyo maana naondoka. Si kwa hasira, Baba. Nilidhani ukiniona ndipo unapoumwa."

"Hukuniambia," Dympna akasema kwa sauti ndogo. "Hukuniambia kuwa alikataa."

"Ungebeba na wewe? Ulikuwa na ya kwako."

Malachy hakukumbuka simu yoyote. Hakukumbuka kukataa, wala daktari, wala macho kwa macho. Alichokumbuka ni kichwa kinachoinama na mgongo unaoondoka, na kumbe vyote viwili vilikuwepo duniani, si yeye aliyevibuni. Furaha iliyomjia haikuwa na adabu hata kidogo. Kijana wake amesimama pale anatetemeka, na yeye moyoni anashangilia: kumbe sikuwa mwendawazimu! Kumbe nilikuwa naona!

Kisha akamtazama mwanawe. Alimtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na akaona jinsi alivyokonda, na mashavu yalivyoingia, na mikono iliyochubuliwa na kamba za kuvutia ndama. Akaona pia kitu ambacho mswaga ng'ombe wa miaka yote ile alipaswa kukiona siku ya kwanza: huyu alikuwa akiumwa. Alikuwa ameumwa muda wote, mbele ya macho yake, na yeye anamsumbua kwa malango.

Alisimama. Aliizunguka meza polepole akishikilia migongo ya viti.

"Fintan. Ng'ombe wangapi nimewaswaga ulingoni?"

"Sijui, Baba."

"Hata mimi sijui. Nimeona wakiuzwa wazuri na wabovu, wenye mimba na vilema. Sijapata kuona hata mmoja ambaye aliyemuuza alimfuata, akamrudisha nyumbani, akamwogesha, akamlisha uji na kumfungia vyuma bafuni asianguke." Akafika kwenye sinki, anahema. "Biashara hujui, mwanangu. Hujui kabisa. Mungu akubariki kwa kutoijua."

Fintan alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kile kilio alichokizuia siku ile ya simu. Walishikana shingo kama wanaume wa kwetu wanavyoshikana baada ya mechi, hawajui mikono ipite wapi, kichwa cha mmoja kinagonga kidevu cha mwingine. Kijana alilia kwa sauti, bila bomba la maji wala mlango wa kufungwa. Dympna alitaka kwenda kumnyamazisha, lakini Attracta alimshika aproni.

"Mwache alie. Amechelewa."

Mchana huo huo Dympna alimpigia muuguzi yule simu, akampa habari yote tangu mwanzo, na hereni za plastiki akazitia. Muuguzi hakushangaa hata kidogo. Alisema amemsikia mmoja aliyejiona yuko ndani ya meli, na mwingine aliyeamini wauguzi wanamwibia meno. Kisha akauliza kama kuna mwingine hapo nyumbani anayehitaji kuzungumza na mtu, kwa sababu ugonjwa huu haumlazi mmoja peke yake. Dympna aliwatazama mumewe na mwanawe.

"Wapo wawili," akasema. "Pengine na mimi nitakuwa wa tatu. Anza na hao."

Fintan alijaribu kupinga. Alisema yeye hakuugua, hata kipimo alitoka salama.

"Mtakwenda wote," mama yake akamkata kauli, "mmoja nyuma ya mwingine, kama ndama wa chanjo. Na ukianza kuniambia sawa tu, nitakutia kibao, ukubwa wako huo huo."

Malachy hakupona yote siku hiyo. Jiko lilipolia jioni, jasho lilimtoka kama kawaida. Tofauti ni kwamba safari hii alisema, "Hilo jiko linanitisha," na Dympna akalizima mlio, ikawa basi. Usiku ndoto ilimjia tena, lakini alipoamka alimwamsha mkewe akamsimulia, na alipofika kwenye bei walilala usingizi wakicheka.

Jumamosi ilipofika, gari la Fintan lilikuwa bado uani, halina mzigo. Saa nne asubuhi mlango wa chumba chake ulikuwa haujafunguliwa. Yeye ambaye tangu Januari hakupitwa na alfajiri hata moja, alikuwa amelala kifudifudi na nguo zake, kiatu kimoja kimevuliwa. Malachy alimchungulia, akarudisha mlango taratibu. Kisha akavaa koti na buti na kutoka kwenda kulisha ng'ombe mwenyewe, marobota madogo madogo ya majani makavu, akipumzika kila baada ya hatua chache. Upepo ulikuwa mkali na ng'ombe walimjua. Mtamba mwekundu, ambaye Alhamisi hakupelekwa mnadani, alimlamba mkono.

Alikuwa ameegemea lango akitafuta pumzi, wakati jirani yake, Jarlath Padden, alipopita kwa miguu na mbwa wake. Jarlath ni mtu mwema, lakini Mungu alimpa sauti ya watu wawili.

"Malachy! Unafanya nini huko nje na mapafu hayo? Yule kijana yuko wapi, anakaa ndani anamwachia mgonjwa kazi?"

Malachy aliinua kidole mdomoni, akatazama nyuma kule kwenye dirisha lenye pazia lililoshushwa.

"Punguza sauti, Jarlath," akasema. "Mgonjwa amelala."